Ana Simu, Ana Baba, Ana Sauti

Mimi huandika polepole. Shangazi yangu husema nikishika kalamu nakuwa kama mtu anayepamba keki. Nilimaliza darasa la saba Masaki, upande wa Kisarawe, nikakaa miaka miwili na bibi tukilima mihogo, kisha shangazi akanileta Kibaha nimsaidie biashara yake ya vitumbua.

Nyumba ya shangazi iko Tumbi, imepakana na ya mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akitembeza watalii huko kaskazini. Mzee huyo anajua lugha nne za Ulaya: Kihispania, Kiitaliano, Kireno na Kifaransa. Kila Jumamosi mchana alifundisha barazani kwake vijana saba waliokuwa wakitafuta kazi za hoteli. Mimi nikawa wa nane bila kupanga. Nilimpelekea vitumbua vyake, nikabaki nimesimama natazama ubao, akaniambia, "Kama huondoki, basi kaa."

Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Siku hiyo alikuwa ameandika neno maziwa mara nne: leche, latte, leite, lait. Chini yake akaandika nane: ocho, otto, oito, huit. Chini yake tena, usiku: noche, notte, noite, nuit.

"Msikariri," alisema. "Tazameni tu. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao, Kilatini, alishakufa, lakini watoto wote wana pua yake."

Nikatazama. Nikaiona ile pua. Palipokuwa na *ch* kwa Mhispania, Mwitaliano aliweka *tt*, na wale wengine wawili wakaweka *it*. Nilisikia mwili umesisimka kama niliyefunguliwa kabati la watu.

Halafu mwalimu akauliza nani anajua lugha ya kwao, aseme mtu anaitwaje. Msichana aliyekaa mbele akajibu kabla mwalimu hajamaliza. "Kisukuma, mwalimu. Munhu."

"Na sisi," nilisema. Nilidhani nimesema moyoni.

Akageuka. "We wa nyuma, sisi nani?"

"Wazaramo. Bibi yangu anasema munhu."

"Kumbe ni mtani wangu! Mwalimu, huyu mtu wangu, nimempata leo. Nitamfuga."

Wote wakacheka. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutania mbele za watu, anaweza hata kuchukua kitu chako akaondoka nacho, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Ukitaka kitu chako unakidai kwa mdomo, hadharani, kwa maneno makali kuliko yake. Bibi yangu anaweza hivyo. Mimi sikujaliwa.

Tangu siku ile tukawa marafiki, na tangu siku ile nikaanza kumwonea wivu.

Alikuwa amemaliza kidato cha sita. Alikuwa na simu kubwa, akiuliza neno simu inamjibu. Baba yake ni mtumishi wa serikali, huenda Dar alfajiri na kurudi jioni na mkate mkononi. Mimi wangu aliondoka nikiwa mdogo na sijui anakula mkate wa wapi. Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichoniuma ni kwamba yeye alikosea bila aibu. Alichanganya Kiitaliano na Kihispania katika sentensi moja, akacheka, akaendelea, na mwalimu akamwelewa. Mimi nilijua lipi ni la nani, na sikufungua mdomo.

Nilichokuwa nacho mimi ni daftari. Nililipiga mistari, safu nne kila ukurasa, kila ndugu na safu yake. Asubuhi nikishamaliza kuchoma vitumbua nilikaa kwenye benchi nikanakili. Ukurasa mmoja ulinichukua siku tatu. Kwa sababu ya uzito wangu huo niliona mambo ambayo wenye haraka waliyaruka. Niliandika unga: harina, farina, farinha, farine. Jani: hoja, foglia, folha, feuille. Mtoto wa kiume: hijo, figlio, filho, fils. Nikakaa nikiyatazama, nikaona mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba Kihispania kimeitupa *f* ya mwanzo na kubakiza *h* isiyosikika.

Nilimwambia mtani wangu tukiwa njiani. Jumamosi iliyofuata akanyoosha mkono akalisema. Mwalimu akajipiga paja. "Safi sana! Safi kabisa!"

"Nimeambiwa na mtani," alisema, lakini mwalimu alishageukia ubao anaandika, na mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Usiku ule sikula. Shangazi alidhani naumwa.

Baadaye tukafundishwa kusema mtu ana kitu. Mwalimu alitaka kila mmoja aandike sentensi zake nyumbani, kwa lugha zote nne. Wengine waliandika kuhusu paka na nyumba. Mimi nilianza vizuri, kisha mkono ukaenda wenyewe. Ella tiene un teléfono, lei ha un telefono, ela tem um telefone, elle a un téléphone: yeye ana simu. Safu baada ya safu. Ana baba. Baba yake anarudi na mkate. Na mwisho kabisa: ana sauti, mimi sina. Sikumtaja jina. Zilitoka sentensi safi, nikazipenda, ndiyo maana sikuzichana.

Wiki hiyohiyo mwalimu alituletea habari. Madaktari wa macho, Wahispania na Waitaliano, wangezunguka vijiji vya Kisarawe kwa siku tatu, na wameomba kijana mmoja wa kusimama kati yao na wagonjwa. Angemchagua Jumamosi. Wangeanzia Masaki.

Bibi yangu ana mtoto wa jicho upande wa kushoto. Alikuwa akinishika uso kwa mikono miwili ndipo aseme nimekonda au sikukonda. Nilimwona akilini kwenye foleni ya madaktari, na mimi nimesimama pembeni ya mzungu, bibi anasema kwa Kizaramo chake na mimi nayapeleka maneno yake yafike. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kile.

Alhamisi mtani alikuja kununua vitumbua. Daftari lilikuwa kwenye benchi. Akalichukua akaliweka kwapani.

"Mtani, hili nimeliteka. Utalikomboa Jumamosi."

"Lirudishe."

"Hivyo ndivyo mnavyodai kwenu? Kwa huruma? Shangazi, shikamoo, mfundishe huyu kutukana."

"Marahaba. Nimeshindwa mimi," shangazi alijibu, huku anamfungia vitumbua kwenye gazeti.

Jumamosi mwalimu alisema anayetaka nafasi asimame aseme chochote. Mtani akasimama na daftari langu. "Nina mateka hapa, mwalimu. Mwenye mali asikie." Akaanza kusoma kwa mbwembwe, kwa Kihispania, kisha Kiitaliano. Ana simu. Darasa likacheka. Ana baba. Baba yake anarudi na mkate. Hapo nikamwona anapunguza mwendo. Alipofika kwenye sauti alisoma safu moja tu, polepole, kama ninavyoandika mimi.

Mwalimu akalichukua daftari, akavaa miwani, akapitia safu zote nne kwa kidole. "Hakuna kosa," alisema. "Hata moja. Sentensi za nani hizi?"

Mtani hakucheka tena. "Mwenyewe aseme, mwalimu. Akidai nampa."

Alikuwa ananitazama. Nilijua ananifungulia mlango. Lakini kusema daftari ni langu kulikuwa ni kusema na wivu ni wangu, mbele ya watu saba waliokwishacheka. Ulimi ukawa mzito kama unga mbichi. Sikusema.

Nafasi akapewa yeye.

Zile siku tatu za madaktari nilichoma vitumbua, viwili vikiungua kwa kila vitano. Siku ya pili bibi alipiga kwa simu ya jirani.

"Mjukuu wangu, yule binti Msukuma ana vituko! Anaongea na mzungu kama wanagombana. Alinishika mkono mpaka mwisho. Wamesema nije huko kwenu, jicho likatolewe ukungu."

"Vizuri, bibi."

"Nilimwambia mjukuu wangu anasoma hizo lugha. Akasema wewe ndiye unayemfundisha yeye. Sasa wewe mbona hukuja?"

Nilimwambia simu inakatika.

Mtani aliporudi aliniletea daftari. Kurasa tatu za mwisho alikuwa amezijaza maneno aliyoyasikia kwa madaktari: jicho, dawa, usisugue, angalia juu. Maandishi yake yalikuwa ya haraka, safu zimepinda. Hakuniomba radhi, kwa sababu kwa mtani hakuna radhi, na mimi sikumshukuru. Nilizitazama zile kurasa nikamwonea wivu upya, kwamba maneno yale aliyasikia kwetu, kwenye vumbi la kwetu, karibu na jicho la bibi yangu.

Jumamosi iliyofuata, kabla mwalimu hajaanza, nilisimama. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hapakuwa na nafasi tena ya kugombea.

"Lile daftari ni langu," nilisema. "Na zile sentensi ni zangu. Na zinamsema huyu." Nikamnyooshea kidole mtani wangu. "Mwizi wa ng'ombe huyu, ameishiwa ng'ombe Kibaha sasa anaiba madaftari."

Kisha mtani akapiga makofi, akapiga kelele, "Mwalimu, amefunguka! Mfugo wangu umelia!"

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. "Mwandiko wako naujua tangu mwezi wa kwanza," alisema bila kugeuka. "Lakini mgonjwa hatibiwi kwa mwandiko. Nilikuwa nangoja mdomo."

Nikakaa. Bibi alikuwa anakuja Jumatatu, na hospitali ya hapa wanaongea Kiswahili; hakutahitajika mtu wa kusimama katikati. Nilifungua daftari kwenye zile kurasa zilizopinda, nikapiga mistari upya kwenye karatasi safi, nikaanza kuyahamisha maneno yake kwa mwandiko wangu. Ojo, occhio, olho, œil. Jicho. Nilipofika neno la tatu mtani alikuwa ameshanyoosha mkono anauliza swali.