Adelfina na Sufuria ya Marehemu

Wifi yangu Adelfina ana tabia moja inayonichosha: hajui kudanganya. Anasubu sufuria hapa Mugoma, yaani anayeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga, nyuma ya nyumba yake, kazi aliyofundishwa na fundi Ndikuriyo, Mrundi aliyekuwa jirani yetu zamani. Wanaume wa hapa walicheka walipomwona mara ya kwanza ameshika koleo mbele ya moto. Leo wake zao wanapikia sufuria zake, na wao wanakula bila kucheka.

Mimi nazungusha feni. Ni gurudumu la baiskeli lililofungwa mkanda. Unalizungusha kwa mkono, upepo unaingia chini ya mkaa. Haihitaji akili nyingi, ndiyo maana napata nafasi ya kusema.

Siku moja alikuja Benedicta, kutoka Kanazi, amebeba kitu ndani ya kitenge.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mama Suzan. Karibu."

Alifungua kitenge. Ilikuwa sufuria kuukuu ya kiwandani, zile nyembamba, kitako kimetoboka. Ilikuwa ya mama yake, tuliyemzika mwaka juzi. Sasa binti yake Suzan anaolewa, na Benedicta alitaka ile sufuria iyeyushwe, itengenezwe nyingine, ili bibi aende na mjukuu wake kwenye ndoa.

Adelfina aliipima kwa mikono. "Alumini ya namna hii ni nzito kutiririka," alisema. "Inaganda kabla haijajaza kalibu. Huwa naichanganya na pistoni za magari, ndipo inatiririka vizuri."

"Mama hakuwa pistoni," alisema Benedicta. "Namtaka yeye peke yake."

"Basi ujue kila ikiyeyuka inapungua. Ule utando wa kijivu unaoelea juu, makapi, lazima niuengue. Nikikosea, tunaanza tena na kidogo zaidi."

Benedicta alikubali. Ningekuwa mimi, ningeitikia vizuri, halafu ningetumbukiza pistoni akishageuka. Nani angejua? Nilimnong'oneza hivyo wifi yangu. Aliniangalia mpaka nikarudi kwenye feni.

Alitengeneza kalibu. Alishindilia mchanga uliochekechwa kuzunguka sufuria ya mfano, akaitoa, akaacha mdomo wa kumiminia na matundu ya kutolea hewa. Nilizungusha feni, alumini ikayeyuka, akaengua makapi, akamimina. Tulipobomoa mchanga, ubavu mmoja ulikuwa na pengo la kupitisha ngumi. Alumini ilikuwa imeganda njiani, kama alivyosema.

Benedicta hakulaumu mtu. Aliinama akaanza kuokota makapi yaliyopoa, kipande kimoja kimoja, akiyafunga kwenye pindo la kitenge.

"Iliyobaki haitoshi sufuria ya ukubwa ule," Adelfina alimwambia. "Nikichanganya pistoni, Suzan atapata sufuria kubwa, nzuri. Nisipochanganya, itakuwa ndogo. Nayo pia inaweza kuharibika, nisikufiche. Chagua wewe."

"Usichanganye."

Safari hii alitengeneza kalibu ndogo, akaipasha joto kwa makaa ili alumini isishtuke na kuganda. Nilizungusha feni mpaka bega likaomba msamaha. Aliinua chungu cha kuyeyushia kwa koleo, akamimina mfululizo bila kusita, jasho likimtoka puani, mkono umetulia kabisa. Kisha akakataa kufungua. Nilimhimiza, nikamwambia anatutesa. Akasema ikifunguliwa na moto wake itapasuka. Tukangoja.

Ilitoka nzima. Aliigonga kwa kidole akasikiliza, akalainisha ukingo kwa tupa, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Nimemwona akisubu sufuria nyingi, lakini siku ile nilimpenda na kumheshimu kuliko siku zote, na nasema wazi ingawa ni wifi.

Lakini ilikuwa ndogo, ya kukaa kwenye viganja viwili. Benedicta aliigeuzageuza, machozi yakamtoka.

"Mama alipikia ukoo mzima," alisema. "Hii itapikia nani?"

Adelfina alikuwa akikung'uta mchanga mikononi. "Siku alipoolewa, alianza kupikia nani?"

Benedicta alifikiri kidogo.

"Yeye na baba," alisema, akaacha kulia.