Mzee wangu mchonga vinyago kanimalizia ubishi wa open world na sandbox

Wakuu, habari za mihangaiko.

Kuna ule ubishi wa kila wiki humu: game za open world na za sandbox ni kitu kimoja au viwili? Mie nilikuwaga upande wa "ni kilekile, acheni ujuaji." Nimebisha mpaka nikala ban ya siku tatu.

Leo nimekuja kujishusha. Haya yametokea sebuleni kwetu Mtoni, macho yangu yakiona. Anayetaka kuniita muongo, ruksa.

Mzee wangu anachonga vinyago. Alitoka kusini akiwa kijana, na mpingo ndio umetulea. Mwaka jana kiharusi kikamshika upande wa kulia. Anatembea, anaongea vizuri tu, ila vidole vya mkono wa kulia vimekuwa vizito.

Hospitali wakampa kampira ka kubonyeza afanyie mazoezi. Akakaangalia, akasema, "Mie mtoto?" Sasa hivi kuku wanakadonoa huko uani.

Jumatano nikamsikia kwenye simu anamwambia rafiki yake wa karakana, Mzee Nampoto, aje Jumamosi achukue tezo na patasi zote. Wakuu, iliniuma. Mtu akigawa vifaa vyake ndo keshajikatia tamaa.

Nikawaza, pad ya kuchezea game si ina vitufe? Vidole vitafanya mazoezi bila yeye kujua. Nikamuwekea open world moja kali: mji mzima, magari, milima, msitu. Nikamwambia, "Baba, humu nenda popote unapotaka."

Akazunguka weee. Mwisho akafika msituni, akasimama mbele ya mti mmoja mnene, akaanza kubonyeza kila kitufe.

"Unakatwaje huu?"

"Haukatwi baba. Upo tu."

"Sasa nimekuja kufanya nini? Kila kitu wameshamaliza wenyewe!"

Akaweka pad chini. Mie nikabaki nakuna kichwa, maana nimecheza lile game mwaka mzima na sijawahi kujiuliza hilo swali.

Ijumaa nikaweka sandbox, ile ya matofali matofali, unavunja na kujenga. Nikamjengea kanyumba ka mfano. Hata hakukatazama. Akauliza, "Mlima upo?"

Nikampeleka mlimani. Hapa sasa ndo nilishangaa, maana sie wote tukiingia sandbox tunapanga, tofali juu ya tofali. Mzee akaanza kutoa. Anatoa kidogo, anarudi nyuma anaangalia, anahamia upande wa pili, anatoa tena.

"Baba, unajenga nini?"

"Nani kakwambia najenga? Napunguza."

Kutoa tofali moja ni kubonyeza kwa kidole cha shahada cha kulia, kidole kilekile kizito. Kabonyeza mara mia ngapi sijui. Jasho linamtoka, chai imepoa. Mama akapita akacheka, "Baba Sele leo yuko kazini!"

Polepole likatokea bega, sikio, bibi mwenye mzigo kichwani. Halafu kidole kikateleza, pua ikaenda. Nikamwambia rahisi tu, rudisha tofali. Akaniangalia kama nimemtukana. Akaupunguza uso wote, akausogeza ndani, akapata pua nyingine. Nilisisimka, nawaambia.

Jumamosi Mzee Nampoto kaja na gunia. Nikampa shikamoo huku roho inaniuma. Baba akamwonyesha vifaa. Tezo ikaingia, nyundo ikaingia, patasi moja baada ya nyingine. Nikajua ndo basi.

Mzee Nampoto anafunga gunia, baba akapeleka mkono wa kulia mle ndani akatoa patasi ndogo kuliko zote. Ilimchukua muda kuishika, na hakuna aliyemsaidia.

"Hii niachie."

Mzee Nampoto akamtazama, akafungua gunia, akamwaga vyote chini. "Basi kaa navyo vyote bwana, usinisumbue!"

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza: open world unapewa dunia uitembee, sandbox unapewa uigeuze. Najua yapo ma-game yenye vyote viwili, leteni hoja, sibishi tena. Na nataka kujua, wewe ukimpa mzazi wako pad, angeanza kufanya nini?

Nitasoma comments nikirudi. Saa hizi naenda kumtafutia baba kipande cha mpingo. Kasema kisizidi ukubwa wa sabuni ya kuogea.