Kioo Chini ya Kengele

Usiku ule, kabla ya siku ya kukabidhi ripoti yangu ya uhandisi kwa wazee wa kanisa, nilipitiwa na usingizi kompyuta ikiwa bado imewaka mapajani. Nilikuwa nimeandika: mnara wa kengele ubomolewe. Nilifuta, nikaandika tena. Kwenye picha ufa ulionekana wazi, kuanzia dirisha la tao hadi karibu na kengele. Mnarani kwenyewe sikuwa nimepanda. Ngazi zake ni za mbao, nami huwaza njia kumi za kuanguka kabla sijainua mguu.

Babu alikuwa amekaa benchi la mbele kanisani, ovaroli lake la uashi limejaa madoa ya chokaa. Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Maisha yake yote ndiye aliyekarabati kanisa lile la mawe, lililojengwa na wamisionari. Nilitaka kumwamkia, lakini kanisa likawa ukumbi wa mtihani, na msimamizi anagawa karatasi zisizo na maswali.

"Mke wangu," Babu akasema, kwa utani wetu wa siku zote, "wamekusomesha miaka yote hiyo uje uogope ngazi?"

"Babu, mnara ukiwaangukia watu je?"

"Picha inakuonyesha ufa. Haikwambii kama ufa wenyewe unatembea."

Sasa tunapanda. Kila kidato kinalia, na nikitazama chini sioni sakafu. Chini ya kengele Babu anakwangua chokaa kwa ukucha, na hapo nakumbuka. Nikiwa mdogo alinionyesha kwenye ukuta wa jikoni kwetu: unabandika kipande cha kioo juu ya ufa, ukuta ukisogea kioo kinavunjika. Kumbe na hapa alibandika. Kipo, ila amekifunika kwa kiganja.

"Toa mkono, Babu, nione kama ni kizima."

"Mimi ni marehemu, mama. Ushahidi wangu utauandika ukurasa wa ngapi?"

Navuta mkono wake. Ni mzito kama jiwe la msingi. Kengele inalia, inalia.

Ilikuwa simu. Kumekucha. Mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ripoti tuifuate saa ngapi?"



"Bado, mzee. Kwanza naomba ufunguo wa mnara," nikasema. "Na mtu wa kunishikia ngazi."