Mashavu ya Bibi Pimlott

Kwa miaka tisa Win Tovey aliwakandia wenzake udongo. Saa mbili asubuhi keshafika kwenye studio ya filamu za wanasesere wa udongo, ghala kuukuu pale Bedminster, Bristol, kajifunga aproni, anaukanda ule udongo wa mafuta usiokauka hata ukae mwaka mzima. Kisha huja Clive, fundi wa kuwatembeza wanasesere, kijana mwenye vidole vya dhahabu na ulimi wa upupu. Huubonyeza kwa dole gumba na kusema, "Bado mgumu, Win. Kanda tena."

Na Win alikanda tena. Lakini asikudanganye mtu, yule mama hakuwa mkandaji tu. Udongo ule ulibuniwa na mwalimu mmoja wa sanaa nje kidogo ya Bath, karibu miaka mia iliyopita, na mama mzazi wa Win aliufungasha kiwandani mpaka akastaafu. Watu walianza kuuchezesha kwenye filamu tangu sinema hazijajua kusema. Win naye alianza kwenye meza ya jikoni, akifinyanga paka na mabasi. Alijua anaweza, kama anavyolijua jina lake. Mara nne alimwomba Giles, mwongozaji wa filamu, ampe onyesho moja tu. Mara nne Giles akajibu, "Tutaona."

Februari ya mwaka themanini na tisa, Clive akateleza kwenye barafu mlangoni pa baa, mkono ukavunjika. Onyesho lilikuwa limebaki moja: Bibi Pimlott, mwanasesere wa udongo mweupe, anafungua barua ya mwanamume aliyempenda ujanani, anaisoma, anaiweka mezani. Sekunde kumi na mbili, na Ijumaa jioni filamu lazima iondoke.

"Nitafanya mimi," Win akasema.

"Win, hii si kukanda," Giles akamwambia.

"Najua, bosi. Kukanda ndiko kugumu."

Clive akacheka, mkono wenye plasta ukiwa umening'inizwa shingoni. "Mwachie, Giles. Akiharibu tunamnyima chai."

"Akiharibu hakuna muda wa kurudia," Giles akasema. Akamgeukia Win. "Na usiniombe tena."

"Sitakuomba."

Sekunde moja hula picha ishirini na nne, na kila mkao hupigwa mara mbili. Hesabu mwenyewe: Bibi Pimlott alipaswa kusogezwa mara mia moja arobaini na nne, unywele kwa unywele. Win alimfunga miguu kwa skrubu, akamgeuza macho kwa ncha ya pini, akafuta alama za vidole vyake, akachuchumaa kando ya meza, akabonyeza kitufe. Picha zote zilikuwa tumboni mwa kamera. Hakuna wa kuziona mpaka filamu isafishwe London. Nani kasema alitetemeka? Alikuwa akipiga mluzi.

Alhamisi mchana hita ikagoma. Ghala likawa na baridi ya kukata mifupa, na mikono baridi huupasua udongo. Win akavaa sweta aliyofumiwa na dada yake, akaendelea. Bibi Pimlott akaifungua bahasha, akaanza kusoma. Mikao thelathini ilikuwa imekwisha kupigwa Clive alipoingia na kikombe cha chai.

"Win. Umevaa nini?"

Win akajitazama. Sweta nyekundu. Miaka tisa alikuwa akiwafokea vijana wapya kwa kosa hilohilo: mbele ya taa hizi huvai ila nyeusi, maana rangi ya nguo yako hurukia kwenye udongo. Mashavu ya Bibi Pimlott yalikuwa yamekwisha kuiva wekundu ndani ya ile kamera, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Vua upesi," Clive akanong'ona. "Giles hayupo."

Win akashika kifungo cha sweta, kisha akakiachia. Alimtazama mwanasesere na ile barua.

"Nikivua sasa, wekundu utakatika ghafla kama taa iliyozimwa," akasema. "Alianza kuiva alipofungua barua, si ndiyo? Basi na apoe polepole, nami nirudi nyuma kidogo kidogo. Nipe waya mrefu wa kitufe."

"Una wazimu, mama."

"Nina baridi pia. Leta huo waya."

Kila mkao alimsogeza Bibi Pimlott, kisha akasimama nyuma zaidi kwa upana wa kidole ndipo akabonyeza, na sweta yake mwilini. Clive alimwekea alama za chaki sakafuni. Bibi Pimlott alipoiweka barua mezani, Win alikuwa amefika gizani, mgongo ukutani.

Jumatatu filamu ikarudi, wakakaa watatu kuitazama. Bibi kizee wa udongo akafungua barua, na mashavu yakamwiva kama ya msichana. Wekundu ukafifia kidogo kidogo hadi ukaisha.

"Umetumia rangi gani?" Giles akauliza.

"Sweta," Win akasema, akaeleza kosa lake lote bila kupunguza neno.

Giles akairudisha filamu mwanzo, akaitazama mara ya pili, ya tatu. "Kuna onyesho la ukurasa wa pili wa hati ya filamu ijayo," akasema. "Lichukue. Na lile la ukurasa wa tatu."

Win alitoka nje, akalia kwa furaha, akapenga kamasi, akarudi. Kwenye meza yake ya zamani alimkuta Clive kavaa aproni yake, anakanda kwa mkono mmoja, jasho linamtoka. Win akaubonyeza ule udongo kwa dole gumba.

"Bado mgumu, mwanangu," akasema. "Kanda tena."