Kikao cha Maji Mafu

Kitu kilichomshangaza Loveness kwa Bi Chiku ni kwamba aliongoza kikao akiwa amefumba macho. Simu aliiegemeza kwenye bakuli la sukari, sebuleni kwa binti yake, mtaani Mabawa, akakunja mikono juu ya kanga, akafumba, na wakulima wa mwani wa vijiji vitano wakaanza kuzungumza simuni. Loveness alidhani bibi amesinzia. Mara Bi Chiku akasema, "Tongoni, kuna mtu hapo amevuta pumzi ya kutaka kusema. Asiimeze." Na kweli, sauti nyembamba ya mwanamke mwenye haya ikaanza kusema.

Loveness alikuwa na mwezi mmoja tu kazini, katika ofisi ndogo ya mradi wa mwani, Usagara. Kwao ni Lushoto, na bahari alikuwa akiijua kwa kuitazama. Kazi aliyopewa ilikuwa moja. Joto la maji lilikuwa limeua mwani wote wa Kigombe, na mbegu nzima, yaani vipande vya mwani hai vya kupandia, ilibaki Moa, kaskazini kabisa. Ilibidi vijiji vikubaliane juu ya kugawana mbegu kabla ya bamvua lijalo, zile siku ambazo maji hupwa mbali na watu wakaweza kupanda. Bamvua hilo likipita, Kigombe wangebaki na kamba tupu. Nusu ya wanawake wa huko walishaacha kilimo hicho, na waliobaki walikuwa wanahesabu siku.

Loveness aliitisha kikao cha kwanza kwa simu, saa nne asubuhi. Aliandaa ajenda yenye vipengele tisa. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo lilikuwa bamvua lililotangulia lile la kupandia, na kwamba saa nne ndipo maji hukauka kabisa. Wakulima wote walikuwa baharini. Aliyeingia kikaoni ni Mzee Idarusi wa Tongoni peke yake, ambaye kwa dakika kumi na nane alimuuliza hali ya wazazi, ya nduguze, na ya baridi ya Lushoto.

Kikao cha pili walijaa. Kila aliyeingia alitoa salamu, kila aliyekuwamo akaitikia, na wadogo wakawaamkia wakubwa mmoja mmoja. Shikamoo zilipokwisha, bando za watu watatu nazo zilikuwa zimekwisha. Hapo Hasina wa Kigombe akasema kwa hasira kwamba watu wa Moa wameikalia mbegu kama kuku. Nasma, kiongozi wa Moa, alipotaka kujibu, mtandao ukakatika. Wote wakaamini amekata simu kwa makusudi. Kwa siku nne hakuna aliyezungumza na mwenzake.

Ndipo mkuu wa kazi alipomwelekeza Loveness kwa Bi Chiku, aliyelima mwani Kigombe miaka kumi na tisa, mpaka nyonga ilipomkatalia kuinama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyewaita watu simuni maji yakiwa yamekupwa?"

"Ndiye mimi."

"Basi umetuchekesha pwani nzima. Kaa, unywe chai."

Bi Chiku hakuitazama ile ajenda. Alisema kikao kitakuwa Jumanne, katika maji mafu, siku ambazo maji hayapwi mbali na bahari haimwiti mtu. Asubuhi ya siku hiyo alituma salamu za sauti kwa kila mmoja kwa jina lake, akaagiza salamu zote ziishie huko. Kando, yeye mwenyewe alimpigia Nasma. Hakumlaumu wala hakumbembeleza. Alimuuliza tu simu ilikatika vipi, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akawatumia wote agizo moja: kila mtu aje kikaoni na shina la mwani wa kijiji chake mkononi.

Na sasa kikao kilikuwa kinaendelea. Bi Chiku aliviita vijiji kwa kufuata ufuko, kutoka Moa kushuka hadi Ushongo, na hakuna aliyesema mara ya pili kabla wote hawajasema mara moja. Mzee Idarusi alipoanza kurefusha, Bi Chiku alimwambia kwa upole, "Kaka, maji yanajaa."

"Nimetoka, nimetoka," mzee akajibu, na watu wakacheka.

"Lakini kwanza tujue simu ya Moa ilikatika vipi," Bi Chiku akasema. "Nasma, waambie."

"Nilikuwa juu ya mnazi ulioanguka, natafuta mtandao. Nikateleza. Simu mchangani, na mimi mchangani."

Kicheko kikavuma kutoka vijiji vyote. Cha Hasina kilichelewa, kisha nacho kikasikika.

"Haya, Hasina," akasema Bi Chiku. "Sogeza mwani wako karibu na simu, uuvunje."

Hakuna kilichosikika.

"Umevunja?"

"Nimevunja, Bi Chiku. Unapindika tu. Mweupe, laini kama uji."

"Nasma, na wewe."

Ka! Mlio ulitoka simuni mkavu na safi, kama kijiti cha kuwashia moto kinachovunjwa. Hivyo ndivyo mwani wenye afya unavyovunjika. Watu kumi na wawili, waliotawanyika pwani nzima, walikuwa wamenyamaza kwa pamoja, na katika ukimya ule alisikia jogoo wa mtu, upepo wa Moa, na mwanamke wa Kigombe akivuta kamasi. Chuoni alikuwa amefundishwa kuogopa ukimya wa mtandaoni, kuujaza haraka. Bi Chiku aliuacha ukae.

Nasma ndiye aliyesema. "Shoga, unataka magunia mangapi?"

"Thelathini," Hasina akajibu taratibu. "Na lile neno la kuku, nisamehe."

"Kuku nimeshamla. Ila mje mkate wenyewe kwa mikono yenu. Tukiwakatia sisi, mwani ukifa mtasema tuliwapa mbovu."

Wakapanga palepale. Wanawake wanne wa Kigombe wangelala Moa, wakate mbegu siku moja kabla ya kupanda, wailaze majini ndani ya nyavu, na alfajiri ipakiwe ikiwa mbichi chini ya magunia yaliyoloweshwa. Kikao kilichukua dakika thelathini na moja.

Siku ya bamvua Loveness alikuwa Kigombe kabla ya saa tatu, suruali ameikunja hadi magotini. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Vigingi vilisimama, kamba zimevutwa baina yavyo, na wanawake arobaini, wakiwamo waliokuwa wameacha, walisimama katika safu mbili kutoka barabarani hadi majini, tayari kupokezana magunia. Hasina alikuwa amepigiwa simu kutoka gari la mbegu, lilipokuwa likipita Tongoni. Hakuna aliyekaa chini. Wote walikuwa wamegeukia kona ya barabara, kwenye minazi, ambako gari lingetokea.