Somo la Bure Ukutani

Neno "bure" ukiliona mtandaoni, mwalimu mwenzangu, likimbie. Mimi sikulikimbia.

Nafundisha Maarifa ya Jamii darasa la nne, shule ya msingi hapa hapa Kariakoo. Nje ya dirisha langu wauza nguo wanatangaza bei kwa vipaza sauti tangu asubuhi, nami nashindana nao kwa koo tupu. Kitabu ni kimoja kwa dawati zima. Mwaka huo nilikuwa na binti mmoja darasani, umuulize kwa mdomo anakujibu kabla hujamaliza swali. Umwambie asome ubaoni, kimya. Nikajua mtoto haoni vizuri. Mwalimu mkuu akanicheka. "Haoni nini? Mvivu huyo. Atarudia darasa."

Nikaenda kwa mama yake, Mchaga muuza masufuria mtaa wa pili, nikamwomba ampeleke akapimwe macho. "Mwalimu," akaniambia huku anapanga mifuniko, "mkuu wako kaniambia mvivu, wewe unaniambia haoni. Kubalianeni kwanza, halafu mniite."

Haya. Nikaamua mkuu ajionee mwenyewe.

Mtandaoni kuna masomo ya bure, tena ya Kiswahili kizuri, yenye maandishi makubwa. Bure! Bando nimenunua mimi, simu ni yangu, na projekta nimeiazima kwa jamaa wa kibanda umiza anayeonyesha mpira nyuma ya shule. "Chukua, ticha, ila jioni kuna mechi, usiniangushe." Siku ya somo hata umeme haukukatika. Mkuu akaja, akakaa nyuma, mikono kifuani. Ukuta ulipowaka tu, watoto wakapiga kelele kama timu imefunga goli, maana projekta wanaijua kwa hilo tu.

Somo lilikuwa kazi za mwenyekiti wa mtaa. Nikamsimamisha binti. Herufi zilikuwa kubwa kama kichwa chake. Akaanza, taratibu: "Mwenyekiti wa mtaa husimamia ulinzi na usafi..." Jamani, anasoma! Nikageuka kumtazama mkuu.

Siku ya nyani kufa, miti yote huteleza. Ghafla likaruka tangazo la kubeti, ukuta mzima, na muziki juu. Darasa likaupokea wimbo neno kwa neno, wengine wamesimama wanakata viuno. Nikahangaika na kile kialama cha kufungia, kidogo kama punje ya mchele. Kila nikikibonyeza, ndiyo kwanza unafunguka ukurasa wa kujisajili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkuu akatoka. Nikamkimbilia mpaka koridoni.

"Mkuu, lakini umemsikia? Kasoma mwenyewe!"

"Nimesikia kamari, mwalimu. Kamari, kwenye somo la serikali ya mtaa. Rudisha hilo dude la watu, ufundishe kwa chaki."

"Nigombeze mimi, sawa. Mtoto je?"

"Huyo ulimkaririsha. Unadhani mimi sijawahi kufundisha?"

Niliporudi, watoto walishalifunga tangazo wenyewe. Binti bado alikuwa amesimama. "Niendelee, mwalimu?" Nikamwambia endelea. Akasoma ukurasa wote mpaka chini, na wenzake wakampigia makofi ya kilo, yale ya pamoja. Nikatuma mtu amwite mkuu tena. Jibu likaja kwamba ana wageni.

Jioni, baada ya kurudisha projekta, nikapita kwa mama yake nikamweleza jinsi mwanawe alivyosoma. Akafurahi kweli, akanivutia kigoda nikae. Kisha akauliza, "Na mkuu anasemaje?"

Nikamweleza, naye akarudi kupanga mifuniko yake. Nina hasira mpaka leo. Nina hasira na mkuu, nina hasira na hao wanaotupa masomo ya bure na kuwachomekea watoto kamari katikati, nina hasira na kidole changu kilichoshindwa kufunga tangazo.

Januari nikaingia darasa la nne kupokea wanafunzi wapya. Yule binti yumo tena, dawati la mbele, mrefu kuliko wote, sketi ya sare imeshamwishia magotini. Darasa likasimama. "Shikamoo, mwalimu!" Sauti yake ndiyo iliyosikika juu ya zote.

Nikageukia ubao, nikaandika tarehe kwa herufi kubwa kama kichwa chake.