Disk ya marehemu kaka ilileta namba 1003, nikajua ni mimi. Haikuwa mimi

Wakuu, mko salama huko? Mimi mzee wenu wa Busia, upande wa Uganda. Haya nayoandika sijayatia chumvi, na kama kuna mtu wa Tororo humu anayenijua, anisahihishe.

Shule niliishia la tano. Computer nilijifunzia kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, kwa kufungua na kuunguza. Nikikosea neno nivumilieni, lakini kazi yenyewe naijua.

Kaka yetu mkubwa, marehemu Owor, alikuwa na server ya nyumbani kwake Tororo. Msitishike na hilo neno. Ni desktop kuukuu yenye mfumo wa Linux, imekaa chini ya kabati la vyombo. Kila mtoto wa mama yetu alikuwa na folder yake humo, imefungwa, mwingine haoni. Krismasi tukikutana kila mtu anamwaga picha zake. Mimi naandika jina langu, Okoth, napelekwa kwangu moja kwa moja. Sikuwahi kuuliza folder yangu inaitwaje.

Kaka alikufa, mashine ikabaki inafanya kazi. Mwezi uliopita umeme ulikatika, ukarudi na hasira. Disk ndogo iliyobeba mfumo na majina yetu ikaungua. Disk kubwa yenye mafaili ikapona.

Sasa sikieni shida ilipo.

Humo kuna video ya baba yetu akitembea kwenye mpaka wa shamba letu la Buteba, anagusa mti mmoja mmoja. Kaka aliniambia akiwa hai, "Ile ya mpaka nimeiweka kwako." Na jirani yetu ameng'oa miti mitatu, analima hatua kumi ndani kwetu. Kikao cha ukoo na mwenyekiti wa kijiji kilikuwa Jumamosi. Bila video ni maneno yetu na maneno yake, na yeye anaongea vizuri kuliko sisi.

Jumatano nikaenda Tororo kwa shemeji, mjane wa Owor, kuchukua disk. Hakunipa hivihivi.

"Shemeji, utafungua yako tu. Owor amekufa bila kuchungulia ya mtu."

Nikaapa. Akaniletea chai, akaniangalia nikinywa, akaniapisha tena.

Nikafunga disk kwenye mashine yangu Busia. Nikapiga ls -l, ile amri ya kuorodhesha vilivyomo na mwenye kila kimoja. Folder tano, kaka ameziita 1, 2, 3, 4, 5. Mahali pa jina la mwenyewe kuna 1001 mpaka 1005, namba tupu. Nagusa moja, permission denied, yaani sina ruhusa.

Nilivuka upande wa Kenya kumuuliza fundi mmoja, binti anaitwa Nafula, ana mdomo lakini mikono yake safi. Akacheka.

"Mzee, Linux haijui jina lako, inajua namba yako tu. Orodha ya majina imeungua, ndiyo maana unaona namba. Piga sudo chmod 777 zote zifunguke, urudi kwa redio zako."

"Nimeapa kwa shemeji."

"Basi shemeji ndiye admin," akasema. "Tafuta namba yako ilikuwa ngapi, ujiundie account yenye namba hiyo hiyo. Itafunguka yako peke yake."

Hapo nikajiona nimeshamaliza. Kaka alikuwa mtu wa taratibu. Hata nyama hakugawa kabla ya kuanzia kwa mkubwa. Namba lazima alizitoa kwa kuzaliwa. Owor 1001. Dada Nyaketcho 1002. Mimi 1003. Mdogo wetu Ochieng 1004. Ya tano nikasema ni ya shemeji.

Nikaandika sudo useradd -u 1003 okoth, nikaweka password, nikaingia kwa jina hilo. Folder 3 ikafunguka bila ubishi.

Ndani kulikuwa na picha moja tu.

Mama yetu amesimama mlangoni mwa kanisa, kijana kabisa, amebeba mtoto mchanga. Chini yake kaka ameandika: Athieno, wa tatu.

Wakuu, Athieno alikufa na miezi minane, mimi sijazaliwa. Mama akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa anajibu watano, na sisi wote tunajua kwetu mtoto aliyekufa hatolewi kwenye hesabu. Nilijua hayo tangu utoto. Na bado nilikaa mbele ya computer nikahesabu niliowaona kwa macho tu.

Nikaifunga ile folder. Nikabadilisha namba yangu kuwa 1004. Folder 4 ikafunguka, na baba alikuwa humo na fimbo yake.

Jumamosi tukaiweka video kwenye laptop ya Nafula mbele ya kikao. Baba anagusa mti wa mwisho, anasema, "Kutoka hapa mpaka kijito ni ya watoto wangu watano."

Jirani akaruka hapo hapo. "Mwenyekiti, watano gani? Hawa tunawajua, ni wanne. Hiyo video wametengeneza."

Watu wakanigeukia. Nikawataja taratibu kwa kuzaliwa: Owor, Nyaketcho, Athieno, mimi, Ochieng. Nilipofika kwa Athieno bibi mmoja wa ukoo akasema, "Huyo nilimbeba mimi." Jirani akaangalia viatu vyake. Miti mitatu inarudishwa, na atachimba mashimo yeye mwenyewe.

Mnaofanya kazi hii, someni hapa: mkihamisha disk, orodha ya majina na namba iandikeni pia kwenye karatasi. Ile 777 msiikimbilie, namba usiyoijua ina mwenyewe. Na mkihesabu watu wa nyumba, muulizeni kwanza aliyewazaa.

Niliporudi Busia nilifanya kitu kimoja ambacho Nafula anasema hakina faida. Nilipiga sudo useradd -u 1003 athieno. Sikuweka password, hakuna wa kuingia. Ila nikipiga ls -l sasa, kwenye folder 3 hakuna namba tena. Pana jina lake.

Wenye uzoefu wa hizi permission niambieni kama kulikuwa na njia fupi zaidi. Na mwenye ndugu wa namna hii kwenye hesabu ya kwao, amtaje hapa tumsome.